Jina Chini ya Kitanzi

Usinisimulie kwanza. Uweke hapo,
karibu na dirisha, maana ngozi haisomwi kwa taa.
Na koti lako livue, linadondosha theluji
juu ya mikanda ya watu.

Tangu Jumatatu nimeletewa tisa.
Wa Kirusi nimeujua kwa vishipi vyake viwili vifupi,
kama vya kufungia mbwa.
Wa Kijerumani una herufi tatu ndogo palipofaa jina,
kama shahidi aliyesimamishwa barazani
akakataa kutaja ukoo wake.
Huu wako, Reto Gfeller, umeninunia.

Lete kioo. Msharasi nautumia kwa ubavu, si kwa ncha,
kukwangua nta ya miaka.
Hapa, chini ya kitanzi, mahali jasho halifiki,
ndipo fundi mwenye akili hugonga mhuri wake:
IM, kisha ufa, kisha LD.
Chini yake LUNGERN. Chini yake 12.
Na msalaba mdogo wa mkaguzi, umelala kiubavu,
kwani alikuwa na haraka, au alikuwa amelewa.
Nimeuona umelala hivyohivyo
kwenye mikanda sita ya mwaka ule.

Imfeld. Babu yake mama yangu.
Hesabu mishono: saba kwa upana wa dole gumba.
Jeshi lilimlipa kwa sita.
Alikufa akidaiwa uzi.

Reto anasema, hata hivyo,
kwamba kaka wa babu yake alivuka mpaka usiku
akaenda kupigana vita, vita vya nani hakumbuki,
“vya wengine,”
na kwamba doa hili jeusi, hili hapa, ni damu.
Neno hilo analitamka polepole, kama anayeonja mchuzi.

Nusa, namwambia.

Damu hukausha ngozi ikapasukapasuka kama ukoko.
Hapa pamelainika, panateleza kidoleni.
Hii ni malai ya maziwa, kijana wangu.
Tena tazama ulipochakaa:
bega la askari hula mkanda katikati, upande wa ndani,
upana wa kiganja.
Wako umeliwa ukingo mmoja tu, ncha zote mbili.
Ngozi ivute ili maji; huu ulivutwa mkavu,
kila siku, na kitu kizito kinachoning'inia.
Bizimu si lake. Tundu hili la tatu
limetobolewa kwa msumari, tena msumari butu.

Ulibeba bunduki kidogo, labda.
Kisha ulibeba njuga,
huko juu malishoni, majira mengi ya kiangazi,
shingoni mwa ng'ombe mwembamba
aliyependa kugeukia kushoto.

Kimya. Koti linaendelea kutona sakafuni.

Ningeweza kumpa vita vyake.
Watu hulipa mara tatu.
Mwaka jana bwana mmoja wa Thun nilimwambia kweli
akaniita kikongwe kipofu,
akaupeleka wake kwingine, akaandikiwa cheti
chenye utepe.

“Lakini alivuka mpaka,” anasema tena, sauti imeshuka.

Huenda alivuka. Mkanda haukumfuata.
Mhuri unajua mkanda ulikozaliwa,
na mikwaruzo inajua kidogo ulikolala.
Mtu alikopita, na kama alirudi,
hilo muulize mama yako, au kaburi, au posta.

Anaupitisha mkanda vidoleni.
Anafika kwenye tundu la msumari, anasita hapo.
Kisha, Mungu ambariki, ananiuliza:
“Ng'ombe huyo aliitwaje?”

Hilo halikuchapwa.

Faranga arobaini. Amelipa kwa sarafu ndogondogo,
zingine za moto kutoka mfukoni.
Akaanza kuukunja kwa ncha isiyo yake.
Nikamnyang'anya,
nikauviringa mwenyewe, taratibu,
jina likabaki ndani,
mahali jasho halifiki.